Uwiano Sanifu na Daftari la Nyumbani

Karatasi ya majibu ya maabara huandikwa herufi tatu, INR, na namba mbele yake. Mgonjwa anaambiwa "imepanda" au "imeshuka". Nini kimepanda? Wengi wanaotumia warfarini watajibu kuwa ni uzito wa damu, kwa sababu dawa yenyewe tumezoea kuiita ya kuyeyusha damu au ya kuifanya nyepesi. Majina hayo yanapotosha. Warfarini haiyeyushi donge lililokwisha kuganda, wala haiongezi maji kwenye damu. Inalizuia ini kuitumia vitamini K kukamilisha baadhi ya protini za kugandisha damu, na damu inachelewa kuganda. Kinachopimwa ni huko kuchelewa.

Kipimo chenyewe kilielezwa mwaka 1935 na Mmarekani Armand Quick. Majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe huchanganywa na thromboplastini na kalisi, kisha sekunde zinahesabiwa mpaka yagande. Shida ilikuwa kwenye thromboplastini. Ilitengenezwa kutokana na viungo vya wanyama, kama ubongo wa sungura, na kila kiwanda kilitoa yenye nguvu yake. Mgonjwa yuleyule, damu ileile, alipata majibu tofauti kwa kubadili hospitali tu.

Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu mmoja. Sekunde za mgonjwa zinagawanywa kwa sekunde za watu wenye afya: 24 kwa 12 ni 2. Huo ni uwiano mtupu. Kisha uwiano huo unapandishwa kwa kipeo kinachoonyesha nguvu ya thromboplastini iliyotumika, baada ya kulinganishwa na ile ya rejea. Kipeo kikiwa 1, jibu linabaki 2, na kwa wagonjwa wengi hiyo ni salama. Kikiwa 2, jibu ni 4, na mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi ya kuvuja damu.

Jibu hilo lililosawazishwa ndilo INR, yaani International Normalized Ratio, na ndiyo maana siafiki kuitafsiri "uwiano wa kawaida". Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Mwenye donge la damu mguuni kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya bandia ya chuma upande wa kushoto kati ya vyumba vya moyo mara nyingi 2.5 hadi 3.5. Akiambiwa hiyo ni "kawaida", atajilinganisha na jirani mwenye afya na kuchanganyikiwa. Neno linalofaa tunalo: sanifu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja ili kitabu kimoja kisomeke Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Maabara nazo zilihitaji rejea moja. Basi INR ni uwiano sanifu wa kimataifa wa kuganda kwa damu. Mdomoni, uwiano sanifu unatosha. Daftarini ziachwe herufi za INR, kwa kuwa ndizo zinazochapwa na mashine.

Kwa mkazi wa Iguguno, wilayani Mkalama, hilo neno "kimataifa" lina kazi. Aliyewekewa vali katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, yuko takriban kilomita 700 kutoka kwa waliompasua. Leo anaweza kupimwa Singida mjini, mara nyingine Dodoma. Namba za sehemu hizo zinaweza kuwekwa safu moja na kulinganishwa, mradi ziwepo mahali pamoja. Mahali hapo ni daftari lake mwenyewe, lililofunikwa nailoni na kuwekwa pamoja na dawa.

Ukurasa wake hauhitaji mengi: tarehe, mahali alipopimiwa, INR, dozi kwa miligramu, na safu ya maelezo. Rangi ya kidonge haitoshi, maana viwanda hutofautiana. Uangalifu mkubwa uwe wakati wa kunakili. Karatasi ya majibu mara nyingi huwa na sekunde na INR kwa pamoja. Tuseme sekunde 28 na INR 2.4. Inayotakiwa ni ile isiyo na kizio cha sekunde mbele yake, na nukta yake iandikwe ionekane. 2.4 bila nukta inasomeka 24.

Safu hiyo ya maelezo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mvua zikinyesha, mlenda, majani ya kunde na ya maboga huliwa kila siku, nayo yana vitamini K nyingi, kwa hiyo INR inaweza kushuka. Dawa yake si kuacha mboga. Ni kula kiasi kisichobadilika sana na kuandika pale kinapobadilika. Kadhalika dawa nyingine: metronidazole ya kuharisha au septrini huweza kuipandisha INR, na dawa ya kifua kikuu, rifampisini, huishusha sana. Diklofenaki ya mgongo huongeza hatari ya kutokwa damu hata INR ikiwa mahali pake. Daktari akiiona tarehe ya dawa hizo kando ya namba, hatabadilisha dozi kwa kubahatisha. Fizi zinazotoka damu au choo cheusi hakiandikwi na kusubiriwa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mwanamke wa umri wa kuzaa aongeze tarehe ya hedhi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na daktari anahitaji kujua mapema ili amwelekeze kwenye dawa nyingine bila kuiacha vali yake bila kinga dhidi ya donge la damu.