Kumwendea Shekhe, Kwendea Chuo

Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu karibu na mwaka 1860. Alisoma kwa mashekhe wa mji wake, akavuka bahari kwenda Makka na Hadhramaut, kisha akahamia Unguja na kudarisisha Ukutani hadi alipofariki 1925. Alichokitafuta kote huko ni mwalimu. Shekhe ndiye aliyempa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha kitabu alichokisoma mbele yake.

Kijana wa Lamu aliyetaka kubobea aliuliza kwanza nani anasomesha fani gani, na wapi. Safari yenyewe ilingoja kusi, upepo unaopeleka majahazi Arabuni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yaligeuka: wanafunzi wakawa wanakuja Lamu. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikuwa ameanzisha msikiti na chuo cha Riyadha katika mtaa wa Langoni, na darsa zake zikawapokea hata watoto wa watumwa na wageni wasio na nasaba. Baadhi ya waungwana walichukizwa. Katika kuwapokea hao ndipo ukubwa wa Habib Saleh ulipo.

Miongoni mwa elimu za mashekhe, iliyokaribia zaidi fizikia ya vyuo vikuu ni falaki, elimu ya mienendo ya jua, mwezi na nyota. Chombo chake, rubu, ni robo ya duara ya mbao yenye uzi wenye kizito nchani. Mtu huuelekeza ukingo wake kwenye jua, uzi ukatulia juu ya mistari iliyochorwa, akasoma kimo cha jua na kukokotoa saa ya sala. Hiyo ni hesabu ya pembe, na inataka mkono usiotetemeka.

Kisha zikaja shahada za vyuo vikuu. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na mara nyingi fani ndiyo iliyomchagulia mtu mji: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Muungano huo ulivunjika 1970. Disemba ya mwaka huohuo, kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani.

Anga ya Pwani ilikuwa imeingia katika fizikia ya dunia, lakini kijana wa Lamu aliyetaka shahada ya fani hiyo bado alilazimika kwenda mbali. Katika Pwani yenyewe, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013.