Buibui Aliyewadanganya Wapasuaji

Marekani ya miaka ya 1920 nyumba nyingi bado zilikuwa na choo cha nje. Chini ya kiti cha choo, gizani, aliishi mpangaji asiyelipa kodi: buibui mweusi mwenye alama nyekundu tumboni, ambaye Wamarekani humwita mjane mweusi. Basi wanaume wengi waliumwa pahali ambapo mtu hapendi kupataja.

Jeraha lake ni dogo, pengine halionekani. Baada ya muda maumivu huhamia tumboni, na misuli hukakamaa kama ubao. Daktari alimkuta mgonjwa akitoka jasho na kugaagaa, akadhani kidole tumbo kimepasuka. Wako waliopasuliwa, na ndani hakukuonekana kitu. Daktari Emil Bogen wa Los Angeles alikusanya habari za wagonjwa wa buibui na kuzichapisha mwaka 1926. Hata hivyo, wako wataalamu waliokataa kuamini kwamba kadudu kale kanaweza kumwangusha mtu mzima.

Novemba 1933, Allan Blair, profesa wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliamua kumaliza ubishi. Alimweka buibui kwenye kidole chake akamwacha aume kwa sekunde 10. Saa chache baadaye alikuwa hospitalini, tumbo limekakamaa, maumivu hayasemeki. Alikuwa amekusudia kurudia jaribio ili aone kama mwili umepata kinga. Hakurudia.

Kwa sisi wahandisi, sumu ile ni kama valvu iliyokwama wazi. Ncha za neva humwaga kemikali zake bila kukoma, na misuli haipati nafasi ya kulegea. Matumbo yenyewe ni mazima. Ndiyo maana daktari mzoefu huona kwamba tumbo ni gumu, lakini likibonyezwa haliumi sana.

Kisu kiliweza kukosea kwa sababu habari ya choo haikusemwa. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tuishio ugenini, daktari hatujui, lugha ni ya kuazima, na haya tumelelewa nazo. Ukiumwa na mdudu gerejini au kwenye rundo la kuni, mwambie daktari mapema, na pahali penyewe upataje, hata kama ni pa aibu. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko mshono wa tumbo.