Jina na Asili: Historia ya Istilahi za Mapigano ya Kichina

Kila istilahi ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo hubeba madai ambayo mtumiaji wa neno hakuyakusudia. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza majina ambayo Wachina wameyatumia kuitaja elimu yao ya kupigana, kwa mikono mitupu na kwa silaha, na kuonyesha jinsi wanahistoria walivyotenganisha ushahidi na ngano. Jambo hili linatuhusu sisi tushughulikao na Kiswahili, kwani majina mawili kati ya hayo, yaani kungfu na wushu, yamekwisha kuingia katika lugha yetu, na kila moja limeingia na mzigo wake.

Majina ya kale

Orodha ya vitabu iliyomo katika Historia ya Enzi ya Han, iliyoandikwa katika karne ya 1 B.K., inataja kitabu chenye sehemu sita kiitwacho Shoubo, maana yake kupambana kwa mikono. Kitabu chenyewe kimepotea, lakini mahali kilipoorodheshwa panatufundisha: kiliwekwa miongoni mwa vitabu vya ufundi wa vita, wala hakikuwekwa pamoja na vya dini au vya tiba. Neno wushu nalo ni la kale. Wu ni mambo ya vita, na shu ni ufundi. Mshairi Yan Yanzhi alilitumia katika karne ya 5, lakini kwake lilikuwa na maana ya mambo ya jeshi kwa jumla.

Katika enzi ya Ming jemadari Qi Jiguang (1528–1588), aliyepigana na maharamia wa pwani, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari ambamo alieleza kwa picha mikao 32 ya kupigana kwa mikono. Alikiri waziwazi kwamba ufundi huo hauna faida kubwa katika vita vya majeshi; faida yake ni kuzoeza viungo na kumwandaa mwanafunzi kushika silaha. Alichokiita yeye ni quan, yaani ngumi. Hapa Kiswahili na Kichina vinakutana kwa namna ya ajabu, kwani kwetu pia ngumi ni mkono uliokunjwa, na papo hapo ni mchezo wenyewe wa kupigana.

Ngano ya Shaolin

Watu wengi wameambiwa kwamba mapigano ya Kichina yalianzishwa na Bodhidharma, mtawa wa Kibuddha aliyetoka Bara Hindi, katika hekalu la Shaolin huko Henan. Ushahidi wasema mengine. Hekalu hilo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 5. Jiwe lililochorwa maandishi mwaka 728 lathibitisha kwamba mwaka 621 watawa wake walimsaidia Li Shimin, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa enzi ya Tang, dhidi ya adui yake Wang Shichong, na majina ya watawa 13 yameandikwa. Hata hivyo, jiwe hilo halitaji mtindo wowote wa kupigana, wala halimhusishi Bodhidharma na vita. Sifa ya watawa hao kwa ufundi wa fimbo inaonekana wazi katika maandishi ya karne ya 16 na ya 17, na mwaka 1553 watawa-askari walipigana na maharamia karibu na Hangzhou.

Ngano ya Bodhidharma ilitoka wapi, basi? Katika karne ya 17 kiliandikwa kitabu cha mazoezi ya viungo kiitwacho Yijin Jing, kikadaiwa kuwa chake. Dibaji yake inadai kuandikwa na jemadari Li Jing mwaka 628, na kwamba alikipata kitabu kutoka kwa shujaa mwenye ndevu zilizojisokota. Shujaa huyo ni mhusika wa hadithi ya kubuni iliyotungwa muda mrefu baada ya mwaka huo. Mwanachuoni Ling Tingkan aliifichua hila hiyo zamani za enzi ya Qing. Lakini hadithi tamu hukimbia kuliko masahihisho: mwanzoni mwa karne ya 20 riwaya na vitabu vya mafunzo vilieneza ngano hiyo kote.

Jina la taifa

Karne hiyo ilianza kwa fedheha. Mwaka 1900 wanachama wa Yihequan, yaani Ngumi za Haki na Upatano, ambao Waingereza waliwaita wapiganaji wa ngumi, walishindwa na majeshi ya mataifa ya kigeni. Mwaka 1901 serikali ya Qing ilifuta mitihani ya kijeshi iliyokuwa imeanzishwa mwaka 702. Ufundi wa ngumi ukaonekana kuwa masalio ya ujinga. Ili kuuokoa, wazalendo waliutafutia kazi mpya, na kazi mpya ilidai jina jipya. Mwaka 1910 chama cha Jingwu kilianzishwa Shanghai, kikaufundisha kama mazoezi ya mwili. Mwaka 1928 serikali ya Nanjing ilifungua Taasisi Kuu ya Guoshu. Guo ni taifa. Kwa hiyo guoshu ni ufundi wa taifa. Kwa neno hilo moja, kilichokuwa mali ya vijiji, koo na majeshi kilitangazwa kuwa urithi wa Wachina wote.

Ni ndani ya taasisi hiyohiyo alimofanya kazi Tang Hao, mwanasheria aliyekuwa pia mpiganaji hodari. Mwaka 1930 alitoa utafiti wake juu ya Shaolin na Wudang, akaonyesha kwamba Bodhidharma hakuanzisha ngumi za Shaolin, wala Zhang Sanfeng, mtawa wa Kitao, hakuanzisha taijiquan. Kisha alikwenda katika kijiji cha Chen, Henan, akachunguza kumbukumbu za ukoo, akahitimisha kwamba taijiquan ilitokana na Chen Wangting wa karne ya 17. Mwenzake Xu Zhen alimpinga juu ya hitimisho hilo, kwa hoja na kwa nyaraka. Ubishi wao ndio msingi wa taaluma hii. Wote wawili walikubali kwamba sifa ya taifa haiwezi kusimama juu ya nyaraka za kughushi. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba mwenye kubuniwa asili naye hayuko huru.

Baada ya mwaka 1949 Jamhuri ya Watu wa China ililirudia neno la kale, wushu, ikalipa maana mpya ya mchezo wenye kanuni na alama. Neno guoshu likaendelea kutumika Taiwan. Mwaka 1990 liliundwa Shirikisho la Kimataifa la Wushu. Mwaka 2020 iliamuliwa kwamba wushu iingizwe katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026.

Matumizi katika Kiswahili

Neno kungfu lina safari nyingine. Katika Kichina gongfu ni muda na juhudi, au umahiri upatikanao kwa juhudi; mpishi aweza kuwa nao, na mwandishi wa hati pia. Maana ya kupigana ilienezwa ulimwenguni na filamu za Hong Kong, hasa zile za Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973. Filamu hizo zilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam katika miaka hiyo, na vijana wakalichukua neno.

Kutokana na hayo, yafaa tupendekeze mambo manne. Kwanza, dhana ya jumla iitwe sanaa za mapigano, kwani sanaa kwa asili ni kazi ya ufundi, na hiyo ndiyo maana ya shu. Pili, neno wushu litumike kwa mchezo wenye kanuni ulioanza baada ya 1949. Kumwita mtawa wa mwaka 621 mchezaji wa wushu ni kupotosha historia. Tatu, neno kungfu liachwe liishi katika mazungumzo, maana lugha haiendeshwi kwa amri tupu, lakini vitabu vya shule visilitumie kwa mambo ya kale. Nne, quan itafsiriwe ngumi, pasipo kukopa neno ambalo tunalo.

Mtunga istilahi asiyejua historia ya kitu hukipa jina pamoja na ngano zake. Akisha kulichapa katika kamusi, ngano hiyo hupata muhuri, na mwanafunzi atakayekuja baadaye ataisoma kama elimu.