Kitabu Kimoja, Anwani Mbili: Mugwe wa Wameru

Mwaka 1959 Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata na mwanaanthropolojia, alichapisha The Mugwe, a Failing Prophet, yaani nabii anayefifia. Kilipotolewa upya Nairobi mwaka 1989, nabii huyo aligeuka kuwa nabii wa baraka. Badiliko hilo si pambo. Anwani ya kwanza ilimzika Mugwe kabla msomaji hajafungua ukurasa. Ya pili inamrudishia kazi ambayo Wameru wenyewe walimtambua kwayo, yaani kubariki. Ni heri basi anwani zote mbili zipimwe pamoja.

Hata hivyo, anayesoma Bernardi peke yake atampata Mugwe bila majirani zake. Na asome pia H.S.K. Mwaniki, ambaye The Living History of Embu and Mbeere (1973) yake ilifuatwa mwaka 1974 na Embu Historical Texts, mkusanyiko wa masimulizi ya wazee. Humo wazee husikika. Kwa Bernardi hupita zaidi mikononi mwa mfasiri. Jeffrey Fadiman naye, katika When We Began There Were Witchmen (1993), aliandika historia ya Wameru kwa kutegemea masimulizi. Kazi hiyo yastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fasihi simulizi, japo anwani yake inatanguliza uchawi na kuwahukumu wahusika mlangoni, kama ilivyofanya ile ya 1959.