Kichaa cha Mbwa: Historia Inayofika Hadi Mlangoni Petu

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Likoni.

Siku moja mama alikuja kituoni na mtoto wa miaka sita mwenye mafua. Nilipokuwa nikimpima, niliona alama za meno kwenye muundi wake. Nikauliza, "Hapa palifanya nini, mama?" Akajibu, "Ah, ni mbwa tu, alimwuma akitoka chuoni. Jirani alimpaka pilipili na mafuta ya taa, na kidonda kishakauka." Siku tisa zilikuwa zimepita.

Tuliyaacha mafua kando, tukamwanzishia chanjo siku ile ile. Alimaliza dozi zote na ni mzima hadi leo. Lakini msikilizaji, moyo wangu haukutulia kwa wiki nyingi, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Karibu kila anayefikia hapo hufa. Hata hivyo, huu pia ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Tumefikaje mahali ambapo dawa ya kuuzuia ipo, na bado watoto wanakufa? Ili tupate jibu, leo tutaangalia historia.

Tuanze Ufaransa mwaka 1885. Mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, alishambuliwa na mbwa mwenye kichaa. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Julai, mama yake alimfikisha Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur, ambaye alikuwa amejaribu chanjo yake kwa mbwa. Mtoto alidungwa sindano 13 na hakuugua. Angalieni mambo mawili hapo. Kwanza, chanjo iliyomwokoa mtoto ilianza kwa wanyama. Pili, mama yule hakungoja kidonda kikauke.

Baadaye, mwaka 1911, daktari David Semple aliyefanya kazi India alitengeneza chanjo ya aina nyingine kutokana na ubongo wa wanyama. Chanjo za namna hiyo zilitumika miaka mingi katika nchi zetu. Mgonjwa alidungwa tumboni kila siku, siku 14 au zaidi. Ndiyo maana hata leo ukimwambia bibi apeleke mjukuu hospitali, atakwambia, "Sindano kumi na nne za tumbo? Mtoto ataweza wapi!" Bibi hakosei, anakumbuka mambo yaliyokuwepo. Lakini yamepita. Chanjo ya sasa hudungwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo, mara 4 au 5 kulingana na utaratibu wa hospitali, katika muda wa wiki mbili hadi nne.

Sasa turudi nyumbani. Nchini Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi. Mwaka 1928 kikathibitishwa kwa binadamu, upande wa Ziwa Victoria. Wakati huo kazi ya kupambana nacho ilikuwa ya madaktari wa mifugo wa serikali, waliokuwa na maabara yao kule Kabete. Walichanja mbwa, na waliwaua wale waliorandaranda. Kufikia mapema miaka ya 1970 ugonjwa ulikuwa umepungua sana, na watu wakadhani umekwisha. Kumbe ulikuwa umejificha. Miaka iliyofuata ulisambaa tena sehemu nyingi za nchi.

Kwa nini ulirudi? Sababu ni nyingi, lakini moja inatuhusu sana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990, serikali ilipunguza kuajiri madaktari wa mifugo, na kazi ya kutibu wanyama ikaachiwa watu binafsi. Daktari wa namna hiyo ana kliniki yake. Analipa kodi ya nyumba, ananunua dawa, analipia umeme wa friji ya chanjo na mafuta ya pikipiki. Fedha hizo zote hutoka kwa mwenye mnyama. Ng'ombe akiugua, mwenyewe atalipa kwa sababu maziwa yatarudisha gharama. Je, mbwa anayelala jaani atalipiwa na nani? Hana mwenyewe, hana kadi, hana wa kumshika achanjwe. Huyo ndiye mbwa anayekutana na mtoto wako asubuhi.

Ndiyo maana kuchanja mbwa hakuwezi kuachiwa kliniki peke yake. Ni kazi ya umma, sawa na chanjo ya surua kwa watoto wetu. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo pamoja na huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Shabaha ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka. Wakifika idadi hiyo, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Mtu atauliza, je, inawezekana? Tuwatazame majirani zetu wa Pemba, watu wa pwani kama sisi. Kwa kuchanja mbwa walikikomesha kichaa cha mbwa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kisiwani. Wakarudi kuchanja, na kufikia 2018 wakakikomesha mara ya pili. Kwa hivyo inawezekana, lakini ukilegea kidogo ugonjwa hurudi. Na kuua mbwa ovyo hakusaidii, kwani mahali pao huchukuliwa na mbwa wengine wasiochanjwa.

Najua wengi wetu hapa Likoni hatufugi mbwa, na wengine hatutaki hata watugusane nao. Lakini usiseme, "Hayanihusu." Duniani, karibu watu 40 katika kila 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mbwa humwuma usoni na kichwani, karibu na ubongo. Tena mtoto huficha akiogopa kugombezwa. Mwambie mwanao leo, "Mbwa au paka akikuuma, akikukwaruza au akikuramba kwenye kidonda, njoo uniambie. Sitakupiga."

Akikwambia, fanya hivi. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala mavi ya ng'ombe. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kidonda kikiwa kibaya, daktari ataongeza dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Ukiambiwa kituoni chanjo imekwisha, uliza ipo wapi, uvuke feri ukaifuate. Na ukishaanza, maliza dozi zote. Ikiwa siku zimepita kama kwa yule mtoto wangu, njoo hivyo hivyo. Maadamu dalili hazijaanza, hujachelewa.

Kisha mtafute daktari wa mifugo. Mbwa akiwa na mwenyewe, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akifa au akibadilika tabia, daktari huchukua sampuli ya ubongo ikapimwe maabara. Kwa hivyo msimwue mkamchoma, mtapoteza ushahidi. Lakini chanjo ya mtoto isingoje majibu ya mbwa.

Na kwako unayefuga mbwa au paka, mchanjishe kuanzia miezi mitatu na urudie kila mwaka. Kampeni ikija mtaani, walete hata walio wadogo zaidi. Ukienda kliniki ya mifugo, uwe mteja mwenye macho. Uliza kama daktari amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Angalia chanjo imetoka kwenye friji au kisanduku cha barafu, si kwenye droo, maana ikipata joto huharibika. Dai kadi yenye tarehe, uitunze pamoja na kliniki kadi ya mtoto.

Akina mama, mwaka 1885 mama mmoja alisafiri hadi Paris kutafuta sindano iliyokuwa haijajaribiwa vizuri kwa binadamu. Sisi yetu imekwisha jaribiwa kwa miaka mingi, na safari yetu ni ya matatu na feri. Tusiwaache watoto kwa sababu ya kidonda kilichokauka.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu, kinga ndiyo tiba. Hadi wiki ijayo, kwaherini.