Mbao za Mkulo kwenye Kuta za Rombo

Ukishika barabara ya lami kutoka Marangu kwenda Tarakea, ukafika Mkuu wilayani Rombo na kuchepuka kuingia vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, mara nyingi utakuta nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Ya mbele ni ya matofali ya saruji, imepigwa lipu na rangi, madirisha yamefungwa mpaka Desemba watoto warudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Ya nyuma, iliyojificha kwenye migomba, ni ya mbao zilizogeuka kijivu. Wenyeji huiita nyumba ya babu, na kila mwaka kuna familia inayoamua kuibomoa. Nadhani wanaobomoa wanakosea, na historia ya kuta zetu inaonyesha kwa nini.

Zamani nyumba ya Rombo haikuwa na ukuta wa nje wa kuzungumzia. Msonge ulifunikwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, kwa hiyo paa lenyewe ndilo lililokuwa ukuta. Ndani kulikuwa na nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba za mimea. Juu ya fito hizo zilipangwa nyasi zilizokatwa nyika za chini, au majani makavu ya migomba pale nyasi zilipokuwa mbali. Ng'ombe na mbuzi walilala humo humo pamoja na watu, na moto haukuzimwa. Moshi ulipenya kwenye nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Matunzo ya ukuta ule, basi, yalianzia jikoni. Kilichobaki ilikuwa kuongeza nyasi mpya juu ya zile zilizochoka kabla masika hayajaanza.

Mawe tuliyajua pia. Keni, jirani kabisa na Mkuu, ndiko alikotawala Mangi (chifu) Horombo mwanzoni mwa karne ya 19, na ngome yake ilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji. Wapanda Mlima Kilimanjaro wanalijua jina lake kupitia kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mawe yale yalikuwa ya vita. Watu waliendelea kulala kwenye nyasi.

Mabadiliko yalianza na wamisionari. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshatangulia Kilema. Nyumba zao zilikuwa na pembe nne, kuta zilizosimama wima na madirisha. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na mabati yakaanza kupatikana kwa wingi. Lakini anayejenga lazima awe na fedha, na kwa Mchagga fedha ilikuwa kahawa. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika cha KNCU. Malipo ya kahawa yalinunua bati, misumari na kazi ya fundi.

Mbao zilitoka juu, msituni. Mkulo ndio uliosifiwa zaidi: mti mkubwa, mbao yake ina harufu kali na haiozi upesi. Kwenye upande mkavu wa kaskazini kulikuwa na mwerezi, uliopendwa kwa nguzo kwa sababu mchwa huukwepa. Gogo liliwekwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavutana msumeno mrefu mpaka jioni. Fundi alizipigilia mbao kwa kulala, ya juu ikiipanda ya chini kidogo, ili maji yashuke bila kuingia ndani. Aliyekuwa na uwezo mdogo alitumia mabanzi, yaani vile vipande vya ubavuni vyenye magome, au alisimamisha mbao wima na kuziba viungo kwa papi.

Fundi mzuri alijua adui ni nani. Mbao haifi katikati ya ukuta. Inaanza kuoza chini, pale matone ya mvua yanapogonga ardhi na kurusha tope, na pale mchwa wanapopata njia ya kupanda. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani zimesimama juu ya msingi wa mawe, na bati limetokeza mbele vya kutosha kufunika ukuta. Wengine walipaka oili chafu, wengine rangi ya mafuta. Upepo mkavu unaopanda kutoka upande wa Tsavo ulizipausha mbao na kuzipasua nywelenywele, lakini mipasuko hiyo haikuangusha nyumba.

Kisha mti ukaadimika. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kando ya msitu ili wananchi wapate kuni na mbao. Mwaka 1984 uvunaji wa miti ya asili ya Kilimanjaro ulipigwa marufuku, ingawa ukaguzi wa ndege uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha mikulo bado ikikatwa kwa siri. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Leo fundi wa Mkuu anatumia saiprasi na paina za mashamba ya Rongai, au mgrevilea wa kihambani. Zinafaa, ila zinahitaji dawa na rangi mapema.

Saruji ilijaza pengo hilo. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, cha Tanga mwaka 1980, na tofali likawa dalili ya maendeleo. Sina ugomvi nalo. Lakini nimeona lipu ya saruji iliyopigwa juu ya ukuta wa udongo ikibanduka vipande vipande, kwa sababu unyevu unanaswa nyuma yake na hauna pa kutokea. Nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja, bila mtu wa kusafisha mfereji wa paa, huota ukungu wa kijani kuanzia chini hata kama imejengwa kwa tofali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye na nyumba ya babu nyuma ya kiwanja: kabla hujamwita fundi wa kubomoa, chukua kisu uchome mbao ya chini kabisa. Ikizama, ng'oa hiyo moja na ya juu yake, weka mpya, ondoa udongo uliorundikana ukutani, kisha paka mafuta. Mbao nyingine za mkulo ziache mahali zilipo, kwa kuwa hakuna duka Moshi litakalokuuzia nyingine kihalali.