Mto Lukuledi

Lukuledi ni mto wa kusini mashariki mwa Tanzania. Unaanzia upande wa Masasi, mkoani Mtwara, unaelekea kaskazini mashariki na kuingia Bahari ya Hindi katika ghuba ya Lindi. Bonde lake limebanwa kati ya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa kusini, na nyanda za Rondo na Muera, kaskazini.

Hauna theluji ya kuulisha. Unategemea mvua, ambazo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, pamoja na chemchemi. Jambo hili la chemchemi linastahili kuangaliwa kwa karibu. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama upesi ardhini, na maji yakaibuka chini, kwenye miteremko. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa Kimakonde walishuka mabondeni na vyombo vyao, kisha wakapanda mlima mkali na maji kichwani.

Barabara ya Lindi hadi Masasi inalifuata bonde hilo kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda. Mahiwa, karibu na Nyangao, Waingereza na Wajerumani walipigana vikali Oktoba 1917, na askari Waafrika wa pande zote mbili waliangamia kwa wingi.

Karibu na bahari mto hupanuka kuwa mkono wa maji ya chumvi wenye mikoko. Mjini Lindi watu huuvuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya pili.